Amana Mabegani: Safari ya Miezi Tisa Iliyopita Tabora

Siku hizi matembezi ya hisani yamekuwa desturi katika miji yetu. Watu hukusanyika mapema asubuhi, wakubwa kwa wadogo, wakatembea mwendo uliopangwa. Na wenye uwezo huahidi kutoa fedha kwa ajili ya mwendo huo, ziwe za madawati ya shule, au za dawa, au za kisima, au za kuwatunza mayatima. Wako na wenye nguvu zaidi ambao hawatosheki na barabara za mjini, bali hupita mapori na kupanda milima kwa siku nyingi. Jambo hili ni jema, nasi twawaombea heri wote wanaolifanya kwa nia safi.

Hata hivyo lipo swali moja ambalo twaona halijaulizwa vya kutosha. Je, matembezi ya namna hii hutimia lini? Hutimia pale mtembeaji anapofika mwisho wa njia, watu wakampigia makofi na picha zikapigwa? Au iko sehemu ya safari iliyobaki baada ya miguu kupumzika?

Sisi twasema iko. Atembeaye kwa hisani hakujichukua mwenyewe tu. Amechukua mabegani mali ya watu waliomwamini, na tumaini la watu wanaomngojea. Yeye ni mchukuzi wa amana, na safari ya mchukuzi haiishi mpaka mzigo umefika kwa mwenyewe. Twapenda kulieleza jambo hili kwa habari za kweli zilizotokea katika nchi yetu, katika ile njia kuu ya kale iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji.

NJIA ILIYOCHIMBWA KWA NYAYO

Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hapakuwa na chombo cha kumpeleka mtu bara ila miguu yake. Toka Bagamoyo mpaka Tabora ni mwendo wa kilomita zipatazo 800. Msafiri aliiacha pwani, akapanda milima ya Usagara, akashuka Mpwapwa, akavuka nchi kavu ya Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo yake, kisha akaingia lile pori la kiu lililoitwa Mgunda Mkali, ndipo akaifikia nchi ya Unyamwezi. Mwaka 1857 msafara wa Wazungu wawili, Burton na Speke, ulitoka pwani mwezi wa Juni na kufika Tabora mwezi wa Novemba, siku 134 baadaye. Watu wa Unyamwezi wenyewe, waliokuwa mabingwa wa njia, walikwenda upesi kuliko hivyo.

Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kote. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na wachukuzi wa pembe za ndovu mara nyingine walizidisha. Msafara uliongozwa na kirangozi, naye alitangulia na bendera. Waliondoka kabla ya jua kupanda, wakaenda wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, na jua lilipokuwa kali walitua mizigo, wakajenga boma la miiba na kugawana posho. Wanawake na watoto pia walikuwamo, wengine wamechukua sufuria na mitungi ya maji. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani hata mara moja alionekana bado hajawa mtu mzima kamili.

Lakini haifai tuitaje njia hii kwa sifa peke yake. Ni njia hiyo hiyo waliyopita maelfu ya wanadamu wamefungwa minyororo na kongwa shingoni, wakipelekwa kuuzwa kama bidhaa. Miongoni mwa waliowauza na waliowanunua walikuwamo watu waliojiita Waislamu, wala si haki kulificha jambo hilo mbele ya watoto wetu. Hatua za mtu aliyelazimishwa na hatua za mtu aliyejitolea zilikanyaga vumbi moja. Tofauti yao ilikuwa katika uhuru wa mtu kuchagua mzigo wake. Kwa hiyo safari tunayotaka kuisimulia ina thamani kubwa, kwa sababu mzigo wake ulichaguliwa na wachukuzi wenyewe, na hapakuwapo bwana wa kuwashurutisha.

MZIGO USIO NA BWANA

Karibu na mji wa Tabora kuna mahali paitwapo Kwihara. Hapo Dk. David Livingstone, msafiri na mhubiri wa Kikristo kutoka Scotland, alikaa katika tembe moja mwaka 1872 pamoja na Stanley aliyekuja kumtafuta. Stanley alipokwisha kuondoka mwezi wa Machi, mzee yule alibaki akingoja wapagazi waliopelekwa kwake kutoka pwani. Walipofika, aliondoka nao tarehe 25 Agosti kwenda kusini kutafuta chimbuko la mto Nile. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha mtemi Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Waliobaki naye walikuwa watu wapatao 60. Wakuu wao walikuwa wawili. Mmoja ni Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, aliyejulikana wakati ule kwa jina la Abdallah. Wa pili ni Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Alikuwapo pia Jacob Wainwright, kijana aliyepata kuokolewa utumwani na kusomeshwa huko Bara Hindi, naye alijua kuandika. Baadhi yao walikuwa Wakristo, baadhi yao Waislamu, na wengine walifuata mila za kwao. Hapakuwapo Mzungu hata mmoja wa kuwaamuru. Ujira wao ulikuwa mbali pwani, na vita na njaa vilikuwa vimejaa njiani. Wangeweza kumzika mzee wao mahali pale, wakagawana vitu vyake, kila mtu akashika njia yake, wala pasiwe na wa kuwauliza.

Hawakufanya hivyo. Walishauriana, wakakata shauri kuwa maiti na vitu vyote vya marehemu vifike kwa watu wake. Kisha wakafanya jambo ambalo twaomba kila mweka hazina wa chama cha hisani alitie moyoni. Kabla ya kuondoka, masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo, ili wote wawe mashahidi. Kumbuka kwamba walikuwa wapagazi porini, siyo makarani wa benki. Hata hivyo walijua ya kuwa amana isiyoandikwa ni mlango wa fitina.

Walikuwa na sababu nyingine ya kutaka ushahidi. Mwaka 1866 baadhi ya watu waliokuwa na Dk. Livingstone walimkimbia, wakafika Zanzibar na kutoa habari ya uongo kwamba ameuawa. Uongo ule ulifichuliwa mwaka uliofuata. Tangu hapo neno tupu la mpagazi halikutosha tena. Waovu wachache walikuwa wamewachafulia jina wengi, nao hawa waliobaki iliwapasa kulisafisha kwa matendo.

Mtemi Chitambo aliwasaidia. Moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti mkubwa, na maiti ikatiwa chumvi, ikakaushwa kwa jua siku 14. Ikafungwa ndani ya gome la mti na turubali, ikatiwa kwenye mti wa kuchukulia ili wachukuzi wawili waiweke mabegani. Sisi Waislamu desturi yetu ni kuharakisha maziko, na Waislamu waliokuwamo katika msafara ule hapana shaka waliijua. Lakini walielewa kuwa maiti yule ana watu wake na dini yake, na kwamba amana hufikishwa kwa namna ya mwenyewe, siyo kwa namna ya mchukuzi.

Safari ilianza kwa taabu kubwa. Maradhi yaliwashika, watu wengi wakalala hoi muda wa mwezi mmoja, na wanawake wawili wakafariki. Katika kijiji kimoja ulitokea ugomvi, wakapigana na wenyeji, damu ikamwagika na nyumba zikachomwa moto. Hilo nalo ni sehemu ya habari yao, wala hatutaki kuwafanya malaika. Walipolifikia ziwa Tanganyika waliikumbuka milima ya ufukoni ambayo iliwachosha sana mwaka uliotangulia walipokuwa wakienda pamoja na mzee wao. Safari hii wakaiacha, wakashika njia ya ndani zaidi, iliyokuwa nyepesi na yenye nyama ya kuwinda. Mpanda milima mwenye akili hashindani na mlima kwa kutaka sifa. Hutafuta mahali ambapo mzigo utapita salama.

Wakati wao walipokuwa njiani, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Habari hiyo ilikuwa bado haijawafikia porini, nao waliendelea na mwendo wao.

SHAURI LA KWIHARA

Mwezi wa Oktoba 1873 Chuma alitangulia mbele na wenzake wachache, akafika Kwihara na barua iliyoandikwa na Wainwright. Huko alimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akiwa mgonjwa wa homa. Siku chache baadaye msafara wenyewe ukaingia na mzigo wake. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo watu wa Tabora wana haki ya kulikumbuka kwa fahari. Liwali Said bin Salim na wakubwa wote wa Kiarabu wa mji ule walitoka kuipokea maiti ile kwa heshima. Marehemu hakuwa wa dini yao, na maisha yake yote alikuwa ameipinga biashara ambayo wengi wao waliishi kwayo. Hata hivyo walisimama. Nasi tumefundishwa katika habari za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa alikumbusha kuwa yule naye ni nafsi ya mwanadamu.

Cameron aliwashauri waizike maiti hapo hapo. Alikuwa na sababu zake: njia ya mbele ilikuwa na hatari, na mke wa marehemu mwenyewe alikuwa amezikwa katika ardhi ya Afrika. Aliyesema hayo alikuwa ofisa wa serikali ya nchi ya marehemu. Wapagazi wangalikubali, nani angaliwalaumu? Wangalisema, "Tumeamriwa na mkubwa," wakatua mzigo. Lakini walikataa. Mwendo waliokwisha kuumaliza ulikuwa mrefu mno, na miguu ilikuwa imechoka. Lakini neno walilokubaliana kule Chitambo lilikuwa pwani, halikuwa Kwihara. Cameron akawaachia. Yeye akaendelea magharibi hata akaitokea bahari ya Atlantiki mwaka 1875.

Twaomba msomaji atue kidogo hapa, kwa maana Kwihara iko katika kila safari ya hisani. Ni mahali ambapo mtu amekwisha kufanya mengi, amesifiwa, naye akaambiwa na mtu mwenye cheo kwamba yatosha. Wengi hawaangushwi na mlima wa kwanza. Huangushwa hapo pa kusifiwa katikati ya njia.

Mashariki ya Tabora, mahali palipoitwa Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Wapagazi wakafanya hila. Waliitoa maiti katika gome, wakaifunga upya ikawa kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida usiomshtua mtu. Kisha wakakusanya mabua, wakayafunga kwa nguo mfano wa maiti, na watu sita wakaubeba mzigo ule wa bandia kurudi nao upande wa Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Walipofika porini waliyatupa mabua kidogo kidogo, wakarejea usiku kwa wenzao. Wenyeji waliridhika na msafara ukapita bila kumwaga damu.

Hata hivyo msiba haukuwaacha. Katika safari hiyo mtoto wa kike aliyekwenda na msafara, mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka njiani akafa. Wakamzika, wakaendelea. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Walikuwa wametembea miezi tisa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Maiti ikavushwa Zanzibar, ikapelekwa Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 ikazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na heshima za taifa. Karatasi na ramani za marehemu nazo zilifika salama, na kwazo kikapigwa chapa kitabu cha safari zake za mwisho.

UJIRA WA WACHUKUZI

Sasa tutazame upande wa pili wa amana, ambao mara nyingi husahauliwa. Kule Bagamoyo wapagazi walipokelewa mzigo, wakalipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao. Katika wale wapatao 60, ni Jacob Wainwright peke yake aliyefuatana na maiti mpaka Uingereza na kuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Susi na Chuma walipelekwa huko baadaye mwaka huo huo kwa gharama ya rafiki wa marehemu, wakati maziko yalikuwa yamekwisha pita. Chama cha Jiografia cha London kilitengeneza nishani 60 za kuwatunukia wachukuzi wale, lakini zilipoletwa wengi walikuwa wametawanyika, hawakuzipata.

Alikuwapo na Halima, mpishi wa Livingstone. Mzee yule aliandika katika daftari yake, mwaka 1872, kwamba mwanamke huyo ni mwaminifu, haibi wala hamwachii mumewe aibe, na kwamba watakapofika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na shamba dogo. Ahadi ni deni. Lakini aliyeahidi alifia Chitambo, na ahadi ile ikabaki katika karatasi ambazo Halima na wenzake walisaidia kuzifikisha pwani. Kila tunapoikumbuka habari hii twaona uzito wake: watu waliolinda karatasi za mwenzao hawakujua kuwa ndani yake yameandikwa madai yao wenyewe.

Dini yetu imefundisha kuwa mfanya kazi apewe ujira wake mapema, jasho lake lisije likakauka. Twaambiwa pia amana zirudishwe kwa wenyewe. Mafundisho haya mawili ni ya jamaa moja. Mtu hawezi kujigamba kwamba ameifikisha sadaka kwa mayatima, ikiwa yule dereva aliyemchukulia maji, na yule mama aliyewapikia watembeaji, bado wanamdai.

MATEMBEZI YETU LEO

Kutembea kwa ajili ya mwingine si jambo geni kwetu Waislamu. Kila mwaka mahujaji hutembea mara saba kati ya vilima viwili, Safa na Marwa, mwendo wa kilomita zaidi ya tatu, kwa ukumbusho wa Bi Hajar aliyehangaika kumtafutia mwanawe maji. Mama yule hakuwa na watazamaji wala shangwe. Alikuwa na mtoto mwenye kiu, na hilo lilimtosha kumrudisha kilimani mara ya pili, na ya tatu, hata ya saba.

Wala si jambo geni kwa Watanzania. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana wengi walitembea masafa marefu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki katika safari ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Kwa hiyo kijana wa leo anayejifunga viatu kwa ajili ya wenziwe anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wa maana.

Basi mambo gani ya kushika? Kwanza, ni kuandika. Kabla ya hatua ya kwanza, ijulikane fedha zinakusanywa kwa ajili gani, nani azipokee, nani azihesabu, na nani ashuhudie. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Hiyo ni dalili ya kutosha kwamba kuandika si kumshuku mwenzio, bali ni kumkinga na dhana mbaya. Twajua kwamba mara nyingine michango hukusanywa kwa shangwe, kisha isijulikane imekwenda wapi. Hasara ya jambo hilo si fedha tu. Mwaka wa pili mwenye njaa hubisha hodi, na mlango haufunguliwi, kwa sababu waliochanga mwaka wa kwanza wamekata tamaa.

Pili, ni mwendo. Msafara wa kale ulikwenda kwa kadiri ya aliyekuwa dhaifu, kwa sababu aliyeachwa nyuma porini aliachwa kwa simba. Anayetaka kuipita nchi ya Tabora kwa miguu achague miezi ya kiangazi, aondoke alfajiri baada ya sala, apumzike jua linapokuwa kali, na ajue kila kituo cha maji kabla hajakifikia. Msafiri ameruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne. Ni ukarimu wa Mola wetu, naye hana haja ya kujitesa ili aonekane mcha Mungu zaidi. Vijana wafuatane na mtu mzima anayeijua njia, na aliyeumia apandishwe garini bila kuonewa haya. Mzigo ule wa Chitambo ulifika pwani kwa kupokezana mabega. Hakuna mtu mmoja aliyeuchukua peke yake.

Tatu, ni mwisho. Siku ya kufika iwepo siku nyingine baada yake, nayo itangazwe tangu mwanzo: siku ya kukabidhi. Watu waitwe tena, hesabu isomwe hadharani kama masanduku ya Chitambo yalivyofunguliwa hadharani, na madawati au dawa zikabidhiwe kwa wenyewe. Ahadi ambazo hazijalipwa zitajwe na kufuatwa kwa upole. Nasi tulioahidi tukumbuke kwamba mtembeaji ametimiza upande wake. Kumwahidi mtu shilingi kwa kila kilomita, kisha kumkwepa anapokuja kuidai, ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya ukarimu.

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wakimsuta anayeuona mzigo wa mwenziwe kuwa mwepesi kwa vile haumlemei yeye. Wapagazi wa mwaka 1873 waliugeuza msemo huo. Mzigo haukuwa wao, nao wakauona mzito kuliko mzigo wao wenyewe, mzito kiasi cha kutoweza kuutua mahali pasipo pake.

Msomaji atakayejaliwa kufika Tabora aende Kwihara. Ile tembe imejengwa upya mahali pake, nayo ni nyumba ya makumbusho. Njia ya misafara, kuanzia Bagamoyo na kupita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara mpaka Ujiji, imeandikwa tangu mwaka 2006 katika orodha ya mahali ambapo Tanzania inapendekeza pahifadhiwe kuwa urithi wa dunia. Wazazi wawachukue watoto wao, wawaeleze yote mawili: minyororo iliyopita hapo, na uaminifu uliopita hapo. Kisha wawaulize, ikiwa wewe ungekuwa Kwihara siku ile, na mkubwa amekuambia yatosha, ungefanya nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watembeaji wetu miguu yenye nguvu na mikono yenye amani juu ya mali ya watu, na atuwezeshe sote kuifikisha kila amana kwa mwenyewe kabla hatujaitwa kuulizwa habari zake. Amin.